Palizi ya Pili, Msongola

Siku ya sita baada ya kupanda, soya ikachomoza
imeinamisha shingo, kama mtoto anayevalishwa fulana.
Nikapitisha futi yangu ya kushonea kati ya mistari:
arobaini na tano, arobaini na tano, hapa arobaini na tatu.
Nikiwa kwenye cherehani sikosei hivyo.

Siku ya tisa wakaja wasiopandwa.
Ndago kwanza, wima, kama sindano zilizosahauliwa kwenye kochi.
Kisha sangari. Kisha mziwaziwa.
Kisha kishonanguo, fundi mwenzangu,
anayeshona bila kupima na hadai ujira.

Elinami wa duka la pembejeo, Chanika, akacheka:
"Mama, jembe la nini siku hizi?
Dawa hii inachagua. Nyasi zinakufa, soya inabaki inakutazama."
Nikaazima bomba la mgongoni, lita kumi na sita,
nikajifunga kanga puani, nikavaa glavu za kufulia.
Saa nne upepo ukageuka,
ukashika njia ya matuta ya mchicha ya Bi Semeni,
mwenye oda ya mafungu mia, Buguruni, kesho yake.
Akaninyooshea mkono kutoka kule.
Ni salamu, au ni "thubutu!"? Sikujua.
Nikalitua bomba, nikangoja alfajiri.

Sangari ikapauka, ikalala.
Ndago ikanawiri.
Nikang'oa moja, nikaiviringisha vidoleni:
shina lina pembe tatu. Si nyasi,
imevaa tu sare ya nyasi.
Na kishonanguo, mwenye jani pana kama soya,
dawa ilimsalimia ikapita.

Basi nikapiga magoti.
Palizi ni kufumua, si kukata.
Aliyewahi kufumua pindo la gauni la harusi
bila kuijeruhi hariri
anajua jembe lishuke kiasi gani:
vidole viwili. Chini ya hapo
mizizi ya soya ina vifundo vyake,
vya waridi ndani ukivipasua,
inajipikia humo, haiombi mtu chumvi.
Ndago niliifuata kwa kucha mpaka kwenye kokwa,
kokwa lina uzi, uzi una kokwa jingine,
jingine limejificha chini ya bikoni.

Bikoni imepakwa rangi nyekundu.
Ubao unasema KIWANJA HIKI HAKIUZWI.
Kweli hakiuzwi. Kitajengwa.
Jumapili Bwana Rwegasira alikuja na fundi wake,
vigingi, kamba,
wakapima juu ya soya yangu.
Fundi akauliza, "Haya majani tunafyeka lini?"

Haya majani.

Nilikuwa na ndago mkononi, udongo kwenye nyusi.
Nilitaka kumfundisha: hili jani tatu tatu, lina manyoya, lishike.
Nikanyamaza. Hata mimi hapa
nimeota tu, hakuna aliyenipanda.
Mwenye kiwanja akajikuna kidevu:
"Mwisho wa Juni. Zikikauka kabla, zako."
Yeye alihesabu kwa vidole,
mimi nikahesabu kwa majani.

Leo ni wiki ya tano.
Maua yakitoka sitaingia tena na jembe;
ua la soya likishtuliwa linaanguka, halisemi kwa nini.
Mistari imeanza kushikana mikono juu ya kichochoro.
Ikifunga, kivuli ndicho kitakachopalilia,
nami nitarudi Gongo la Mboto, kwa sare za shule
zilizonisubiri tangu Pasaka.

Jana usiku, chini ya taa ya cherehani,
nilikuwa natoa mbegu za kishonanguo kwenye sketi yangu,
moja moja, naziangusha kwenye jiko la mkaa.
Ya mwisho ilijificha ndani ya mshono,
mshono wangu mwenyewe, mbili kwa mbili.
Ikanichoma kidole.
Ningekuwa yeye, ningefanya hivyo hivyo.