Usishike Lami

Umeuliza njia tulivu, nami mikono yangu ina gundi,
basi nisikilize huku nikibandika.
Usishike lami. Lami ni ya wenye haraka,
na tairi zako wewe nene, meno yake bado mapya.

Toka hapa Konde, zunguka nyuma ya ghala.
Ukikuta majamvi yameanikwa, shuka, sukuma kwa mkono:
karafuu si kokoto, na mwenye jamvi anakuona dirishani.
Harufu ikikuishia, udongo utakuwa umegeuka rangi.
Panda hapo.

Kilima cha kwanza hakina jina.
Watu wa Unguja watakwambia Pemba haina milima, ina matuta.
Waambie waje na mikungu mitatu ya ndizi kwenye keria.
Sisi twakiita Ngoja-Kwanza,
neno alilolitoa Shaame wa Tondooni
siku aliyopanda na cherehani mgongoni,
akalisema tena, na tena, mpaka kileleni.
Usisimame juu ya pedali. Kokoto zitateleza chini yako
kama choroko kwenye ungo.
Kaa. Inama mbele kidogo.
Tazama gurudumu, usitazame kilima.

Kisha Ngezi inakufunga.
Sina namna nyingine ya kusema: mti wa huku
umeshika mkono wa mti wa kule,
mbingu imebaki vipande, kama kanga iliyoliwa na panya,
na ubaridi unakuingia shingoni bila hodi.
Hapo kengele ya nini? Hakuna wa kumpisha.
Sikiliza mnyororo. Ukilia, hiyo ni kazi yangu, utarudi.
Usipolia, utasikia mengine:
ninga wakitetana juu ya mkuyu,
popo wakigombania usingizi,
jani moja la mvule likishuka
na kuchukua muda wake wote.

Penye kijito maji hupita juu ya njia.
Mimi masika moja nilivuka kwa mbio;
kengele yangu iko humo mpaka leo.

Lakini njia hii sikuijua kwa miguu yangu.
Baiskeli za wateja zilikuwa zikilala kwangu,
nne, tano, zimeegemezwa ukutani karibu na banda la kuku.
Asubuhi moja naokota ile ya Mwalimu Mbarouk,
haijatoka, nimeifunga mwenyewe kwa kamba,
na meno ya tairi yamejaa udongo mweusi,
udongo wa ndani kabisa, wenye vijizi vyembamba kama nywele.
Kesho yake tena. Kesho yake, nyingine.
Binti yangu Raya alikuwa akisonga uji, hanitazami,
kifundo cha mguu kina mkwaruzo mbichi.

Mama yangu alikuwa hai wakati huo,
na kwa mama yangu msichana na baiskeli
havikai sentensi moja.
Sikusema kitu.
Ila kila jioni, kabla ya kulala,
nilichagua iliyo ndogo kuliko zote,
nikaitia upepo, nikakishusha kiti vidole vinne,
nikaifunga kwa fundo linalofunguka.

Siku hizi ni mkunga kule Makangale.
Ukichelewa msituni, ukaona taa moja inakuja ikitikisika,
iliyofungwa kwa mpira wa tairi kuukuu kwenye usukani,
mpishe. Usimsalimie kwa kirefu.
Huenda kuna mtu mahali hajazaliwa bado
na anamsubiri yeye.

Haya, bonyeza. Imeshika.
Kiraka mia tano, upepo bure.
Unaporudi nipitie, hata kama nimefunga, gonga.
Sitakuuliza ulikopita.
Nitageuza gurudumu lako polepole, hapa, kwenye mwanga,
nisome.