Saa Kumi na Nane

Wameandika: mwisho wa kupokea maombi
ni saa kumi na nane, saa za dunia.
Mamangu alicheka hadi unga ukamwagika.
"Kumi na nane? Hiyo ni saa ya nani?"
Nikaongeza tatu, nikapunguza sita,
nikapunguza kumi na mbili,
ikawa saa tatu ya usiku,
wakati ambao mofa zote za Langoni zimeshauzwa.

Neno lenyewe lanitia haya: ombi.
Kwetu ombi hupelekwa viganja vikiwa wazi,
baada ya swala, kwa sauti ya ndani,
wala halina ukomo wa herufi.
Hili lina herufi elfu moja na mia tano,
na nafasi tupu nazo zahesabiwa.

Fomu yataka jina la kwanza na jina la ukoo.
Mimi ni Mwanatumu Shee Lali.
Nimemwacha Shee nje, baba yangu mzazi,
kama kiatu mlangoni.

"Eleza ulichowahi kuchangia."

Nimechangia ritifaa.
Programu ile ya kusahihisha maandishi, huria,
yeyote aweza kuipasua tumbo akatazama,
ilikuwa ikiiona alama ile yadhani neno limekwisha.
Ng'ombe ikamchinja: ng, halafu ombe,
na chini ya kila kipande mstari mwekundu.
Ng'oa, ng'ara, ng'amua, yote machinjioni.
Nilikaa nayo siku tisa za Shaaban
juu darini, ambako mtandao hufika ukipenda,
Famau wa duka la simu akinikopesha bando
na kunidai kwa macho.
Mistari minne. Mmoja nikaufuta.
Nikaijaribu kwa neno gumu kuliko yote niliyoyajua:
ng'ang'ania.
Mara ya kwanza likatoka vipande vitatu.
Mara ya kumi na moja likatoka zima.

Hayo nimeyaandika. Zimebaki herufi arubaini.
Nizitie nini? Kwamba nastahiki?
Mama akauliza toka chini:
"Chombo chenyewe ni cha bure,
na wewe waomba kukitumikia?"
Si cha bure, mama, ni huria.
"Tafauti?"
Bure ni kutekewa maji.
Huria ni kuoneshwa kisima, na kamba,
na kuambiwa ukiona ufa, ziba.
Akanyamaza kidogo.
"Ndoo ule," akasema.

Saa tatu kasoro dakika kumi umeme ukakatika mji mzima.
Laptopu ilikuwa na asilimia sita.
Nikabonyeza, kiduara kikazunguka,
nikaona uso wangu kwenye kioo
kuliko nilivyotaka kuuona.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita, la heshima:
"Mpendwa Mwanatumu Lali,"
waombaji mia nne, nafasi tatu.
Nililisoma mara moja nikashuka kula.

Lakini Jumanne hiyohiyo mtu nisiyemjua,
sijui bara lake wala saa yake,
aliipokea ile mistari mitatu akaitia ndani.
Sasa mtu akiandika ng'ang'ania
huko Bukoba, huko Garsen,
neno halikatwi.
Hajui lilikuwa likikatwa.

Mwakani fomu ikifunguliwa namrudisha Shee.
Nitambana na jina langu pasi na nafasi,
MwanatumuShee,
tuone watanikata wapi.