Kunguru wa Siku ya Kumi

Mama, leo ni siku ya kumi na kunguru hataki kushuka.
Wako watatu juu ya paa la hekalu,
wanajichokoa mbawa kama makarani
waliokwisha kufunga dirisha la malipo.

Huku chini, kwenye ngazi za mawe zinazoingia mto Krishna,
Digambar kanyolewa upara. Kisogo chake cheupe, cha kitoto,
kina kovu la lile kopo la mafuta ya taa.
Nilikuwa nimelisahau. Mimi ndiye niliyelirusha.
Pandit kafinyanga wali mabonge mabonge,
kaunyunyizia ufuta mweusi, kauvika majani ya darbha,
na kando, peke yake juu ya jani la mgomba,
ile chapati ya dengu na sukari guru
uliyokuwa ukiila usiku, kwa siri, umesimama,
na sukari ya damu yako imepita mia tatu.

"Ndege akidonoa," asema Pandit, "roho imeridhika.
Asipodonoa, ana dukuduku. Mwahidini."

Basi tukakuahidi.
Digambar: "Mama, shamba la miwa haliuzwi."
Juu, kimya.
Vaijayanti, mkewe: "Bangili zako nne, nusu kwa nusu na wifi."
Kunguru mmoja akageuka, akatupa mgongo.
Mjomba Sopan akakohoa, akashika masikio yake mawili:
"Zile elfu sita, dada, nitalipa kabla ya Diwali."
Hapo hata Pandit alicheka.
Mjukuu wako akasema atasoma hesabu.

Jua likashuka ngazi baada ya ngazi hadi majini.
Pembeni yetu wakaja wengine, nyuma yetu kabisa,
marehemu wao fundi viatu; hawajaketi vizuri
kunguru kawashukia, kala, kapangusa mdomo jiweni,
wakakunja mkeka wakaenda zao.
Tukawaonea wivu.
Wivu gani huo, mama, wa maiti ya mtu kushiba mapema!

Pandit akatazama saa. Ana msiba mwingine saa tano.
"Yupo kunguru wa majani," akasema,
"namsuka kwa darbha, anagusa yeye. Inakubalika."
Akaanza kusuka: mkia kwanza, kisha ubawa,
vidole vyepesi, vilivyozoea,
nami nikamtazama yule ndege anavyopata umbo
nikamkumbuka mume wangu wa majani,
uliyemsuka mwenyewe kila asubuhi pale bombani:
"Mkwe yuko Kolhapur, kazi zimemsonga.
Binti kaja kunisalimu tu."
Miaka mitatu ya kusalimu.

Nikashuka ngazi mbili, maji yakanishika vifundo.
Sikupaza sauti.
Mama, sina ahadi.
Chumba kile, mlango ule wenye komeo upande wa nje,
sirudi.
Ukikaa na njaa huko uliko, kaa, lakini sirudi.
Na juzi dukani mama Revati aliponiuliza, nilimjibu: nimeachana naye.
Akanipimia chumvi. Akanirudishia chenji yangu kamili.

Hakutoka paani aliyekuja.
Alitokea nyuma, upande wa dobi, mguu mmoja umepinda,
akatua kama mtu aliyekosea nyumba.
Wali hakuugusa.
Akaiburuta chapati nzima hadi ukingoni
akaila bila kumtazama mtu,
nasi tumesimama, wazima wote sita, tumebana pumzi
kwa ajili ya ndege kula.

"Umemwahidi nini?" Digambar akanong'ona.
"Hakuna."
"Basi alikuwa na njaa tu."
"Pengine."
Akafuta macho kwa kiganja, akajipapasa upara
kama anayetafuta kofia.

Pandit alihesabu noti zake mara mbili, akaondoka mbio.
Kunguru wake kamwacha ngazini, nusu,
ana mkia, ana ubawa, hana kichwa.
Nikamtia majini.
Akaelea kidogo, akajizungusha,
akanasa kwenye mzizi, akanasuka,
sikungoja kuona zaidi.