Akiba Haiozi

Saa tano usiku, mwishoni mwa Agosti, Toledo.
Chumba hakina dirisha. Kina pizza iliyoganda
na ukuta mweupe ambapo wanaume wanne
huanguka na kufufuka kila nikibonyeza kitufe.
"Rudisha," anasema Osterhaus. Narudisha.
"Tena."
Hatazami mpira. Miaka ishirini na sita katika kazi hii,
sidhani kama amewahi kuuona ukitua.
Anatazama miguu.

Wale watano wa kwanza hatuna haja nao usiku huu.
Tunawapima wa akiba, wanne kwa nafasi mbili,
na kesho saa kumi jioni orodha inafungwa.

Pettaway: kilo mia na hamsini, mwendo wa paka,
mikono mirefu hata akifunga kamba za viatu
huoni kama ameinama.
Lakini tazama hapa (nasimamisha picha):
mpira haujaondoka, kisigino cha kulia kimeshainuka.
Mchezo uliopita, vilevile. Na ule wa kabla yake.
"Mwili wake hauna siri," anasema mzee, anaandika.

Stucky, mtoto wa mfuga nguruwe wa Nebraska,
ana shingo, hana kasi.
Anasukumwa nusu hatua, nusu hatua tena,
kama mwenye nyumba anayekataa kwa adabu kuhama.
Hahami.
Nyuma yake mrushaji amepata sekunde tatu,
na sekunde tatu ndizo mkate wetu sote.

Faleolo ana miaka ishirini na miwili.
Akimwangusha mtu, humpa mkono amwinue.
"Huyu kalelewa," mzee anakuna kidevu,
na sikuona aliandika upande gani,
wa sifa au wa kasoro.

Kisha Tull. Ambrose Tull, msimu wa kumi na moja, timu ya saba,
mechi alizoanza: tisa.
Anajua nafasi zote tano, na makosa ya kila moja.
Waliosema akiba haiozi
hawakuliona goti lake likifunguliwa bandeji.
Chanda chema huvikwa pete, sawa;
cha Tull kimevunjika mara tatu,
hata pete ya ndoa haivuki fundo,
anaivaa shingoni kwa uzi wa kiatu.

Picha zake ni chache. Zinaisha upesi.
Nilikuwa nanyoosha mkono kuwasha taa
mzee aliposema, "Rudisha. Si hao. Yule wa pembeni."
Pembeni kabisa, nje ya chaki,
karibu na meza ya maji,
mtu mnene amesimama bila kofia ya chuma.
Mpira ukitoka, anapiga hatua moja kulia,
viganja juu, kiuno chini,
anamzuia mtu ambaye hayupo.
Uwanjani Pettaway anakwenda kushoto. Anakosea.
Yule wa pembeni amekwenda kunakotakiwa.
Tuliitazama mara kumi na moja.
Mzee hakuandika neno.

Alfajiri nilipewa karatasi, majina mawili,
na ile sentensi ambayo katika kazi yangu
nimeisema kuliko jina la mke wangu:
kocha anakuita, njoo na kitabu chako.
Bwenini zulia lilinuka dawa ya misuli.
Pettaway alinitukana kidogo, kisha akaomba radhi.
Faleolo alinishukuru,
akauliza kama nimekula.

Kati ya milango hiyo miwili upo wa Tull.
Ulikuwa wazi. Ameketi kitandani, amevaa viatu,
begi limefungwa, kitabu juu ya mapaja,
kama kila mwaka, nadhani, katika kila mji.
Nilikuwa nimeandaa uso wa kumwambia, si wewe.
Hakuutazama.
Alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia miguu yangu,
na kabla sijafungua kinywa
alianza kufungua zipu.