Kinga Msumarini

Saa kumi na mbili asubuhi, na usiku bado haujaondoka.
Kizuizi kimeshushwa. Nyuma yangu magari kumi na manne
yananguruma yakingoja niyavushe mlima.
Nayahesabu kiooni: basi la Bergen, lori la samaki,
kile kigari chekundu cha mwalimu Solfrid
ambaye kila wiki huniuliza kama tutachelewa.

Tutachelewa, Solfrid.

Nashusha jembe. Chuma kinauma lami,
theluji inapaa kulia kama unga
uliomwagwa na mtu mwenye hasira.
Mbele hakuna barabara, Sjur. Kuna vigingi tu,
kimoja kushoto, kimoja kulia,
na katikati weupe unaokuita kwa upole.
Usiuitikie.
Kigingi kisipoonekana, simama.
Sikusema punguza mwendo. Nimesema simama.

Umeanza kazi Jumatatu, bado unacheka na kizibao chako,
unasema kinakufanya ufanane na chungwa.
Basi sikiliza.
Wanasema ajali haina kinga.
Oddvar alikuwa nayo kinga.
Ilikuwa imetundikwa msumarini, gereji,
ya njano, safi, haijawahi kuonja matope.
Alishuka dakika mbili tu
agongegonge barafu iliyofunika taa ya nyuma.
Aliyemgonga hakuwa mlevi.
Alikuwa baba wa watu, anawahi mazishi,
akaona weupe, akaona weupe,
kisha akasikia.

Siku hizi Oddvar yuko redioni, kituoni,
mguu wake mmoja umepungua urefu.
Kila nusu saa sauti yake inakwaruza humu ndani.
Haulizi upepo. Haulizi chumvi imebaki kiasi gani.
"Umevaa?"
Nimevaa, Oddvar.
"Na kijana?"

Kileleni nasimama, nahesabu taa.
Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Nahesabu tena, polepole, kwa kidole,
kama mtu anayehesabu mishahara ya wengine.
Kumi na tatu.
Kahawa inapoa kwenye kifuniko cha chupa.
Sjur ameshika mlango; namshika mkono.
Kwanza redio. Kwanza taa zote ziwake.
Kwanza wa nyuma wajue tumesimama.
Ushujaa wa kuruka gizani
tuliushona Oddvar mguuni, nyuzi arobaini na moja.

Tunangoja. Upepo unatikisa lori
kama mdai anayegonga mlango.
Halafu, chini kule, vijicho viwili hafifu
vinapanda, vinafifia, vinapanda.

Ng'ambo ya mlima Solfrid anateremsha kioo,
nyusi zake zina barafu.
"Wiper iliganda. Nikasimama kwenye kigingi,
nikawasha taa zote, kama ulivyonifundisha."
Anatazama saa yake.
"Tumechelewa."

Ndiyo, namwambia.
Wote kumi na wanne.

Sjur hacheki tena. Anafunga zipu
mpaka shingoni.