Mstari Usiotakiwa

Saa nane usiku, Tartu, theluji imeziba dirisha.
Leelo anauloweka utando katika maziwa ya unga,
yale yale anayotia kwenye kahawa,
kisha anamimina kingamwili ya sungura asiyemjua.

Safu ya kwanza: mstari mweusi. Vyema.
Safu ya pili, ya seli tulizozinyang'anya jeni,
ilipaswa kuwa tupu kama sahani ya mfungaji mchana.
Mstari.
Ule ule.

Miaka mitatu, makala mbili:
tuliita jina, akaitika jirani.

Urmas amekuja, koti juu ya nguo za kulalia.
Anatazama. Hasemi.
Anafungua friji, anasoma lebo ya kichupa
polepole, kama barua ya msiba.

Leelo anauliza kama maziwa yamebaki.