Kivuli cha Maiki

Dakika ya kumi na moja, mmesema,
kwenye ukuta wa udongo kinapita kivuli cha maiki.
Ni kweli. Kinapita.
Nimekitazama mara mia tatu nikikata na kuunga,
na kila mara nalijua jina lake: ni Bukuru,
ana homa ya siku tatu, mkono unamcheza
kama mshipi ulioguswa na kuhe.
Nilimwambia, kapumzike. Akasema,
"Nikipumzika, sauti ya mama huyu ataishika nani?"

Mmesema picha ya ziwani inatetereka.
Haikutetereka picha. Lilitetereka ziwa.
Jenereta niliyoazima kwa kinyozi wa Mwanga
ilizama pale Kibirizi, hatua tano toka nchi kavu,
nasi tumesimama, viatu mkononi,
tunaitazama inavyotoa mapovu
kama mtu mwenye neno moja la mwisho.
Mpaka leo kwa kinyozi yule sipiti mbele.
Nazunguka nyuma, penye mashine ya kusaga,
natokea upande wa pili na pumba kwenye nyusi.

Mmesema siku kumi na mbili zikawa arobaini.
Mmenipunguzia: arobaini na tatu.
Binti niliyempa nafasi kuu alipanda treni usiku
na gauni la onyesho la mwisho mwilini.
Ndiyo maana mwishoni mnaona kisogo tu,
na kisogo kile ni cha Asumini, muuza mawese,
aliyekuja kudai chupa zake.
Mkaandika, "Hapo ndipo binti alipoigiza kwelikweli."
Nilicheka hadi nikakaa chini.

Mwingine kasema umaskini si mtindo.
Najua. Giza lile sikulichagua,
umeme ulikatika.
Lakini nikauona uso wa mzee Kitenge
ukiwaka nusu kwa karabai moja,
na umeme uliporudi nikapiga kelele: zimeni!
Hilo ni langu. Msinipe pole.

Ila yupo mmoja aliyeuliza mstari mmoja, bila tusi:
"Mpishi alilipwa?"
Huyo nimemkwepa wiki tatu.

Mama Gwimo alisonga ugali wa muhogo
siku arobaini na tatu. Nilimlipa thelathini.
Kumi na tatu zimo kwenye daftari langu,
chini ya mchoro wa mahali pa kuweka kamera.
Zenyewe hazina kivuli, hazipiti ukutani,
hakuna jicho kali lililozikamata.
Mwishoni jina lake nimeliandika kubwa, peke yake,
muziki ukanyamaza ili lisomeke.
Akaniambia nilipomwonyesha, taratibu, akifuta sufuria:
"Zuri. Lakini jina haliungwi kwa nazi, mwanangu."

Lenzi ile ndefu, mnayosema siijui kuitumia,
naipeleka kesho kwa mpiga picha za pasipoti karibu na stesheni.
Tumeshapatana bei. Amenilalia, nami nimekubali.
Toka hapo ni kupanda kilima hadi Gungu,
na sijui nitaanza kwa salamu au kwa bahasha.

Kuhusu kivuli: sikifuti.
Kikiwasumbua, dakika ile fumbeni macho,
msikilize vizuri.
Nyuma ya sauti ya mama
kuna mtu anameza mate, polepole,
asije akakohoa.